Bomba Likikauka, Usigombane na Koki

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nyumbani Mkunya, wilayani Newala, kwa dada yangu. Mwanawe, anayesoma chuo, alikuwa amekaa chini ya mkorosho na laptopu mapajani kwa siku ya pili mfululizo, macho yamemwiva. Alikuwa ameandika programu ndogo ya Python ya kumpigia mama yake hesabu: kilo zilizopimwa, bei ya mnada, makato, kinachobaki mkononi. Tena ameiandikia na majaribio, kama alivyofundishwa darasani. Lakini kila akifungua paneli ya majaribio kwenye VS Code, ile yenye alama ya chupa ya maabara, haoni kitu. Si nyekundu, si kijani. Tupu.

"Mjomba, hii kitu imeharibika," akaniambia. Fundi mmoja mjini Masasi alikuwa amemshauri akifute kihariri na kukisakinisha upya. Ameshafanya hivyo mara mbili, bando la wiki limekwisha, na paneli iko vilevile.

Dada naye alikuwa na lake. Daftari lake na kompyuta ya mwanawe havikubaliani. Kwa mizigo miwili aliyopeleka kupimwa, mmoja kilo 412 na mwingine kilo 180, daftari linaonyesha shilingi 59,200 zaidi ya zilizoonyeshwa na kompyuta. Kijana alikuwa na hakika kwamba mama amekosea kujumlisha. Hilo tukaliweka kando kwanza.

Mtu aliyekulia kwenye uwanda wa Makonde ana bahati moja katika mambo haya: ameyazoea kwa maji. Huku juu ardhi ni ya kichanga, mvua inanyesha na kuzama, mto hakuna. Bibi zetu waliteremka ukingo wa uwanda na mitungi kichwani. Siku hizi maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, yanaingia tangini, kisha yanashuka kwa mabomba hadi vijijini. Koki ikitoa upepo mtupu, hakuna anayeing'oa. Kwanza unamuuliza jirani. Kwake yanatoka? Basi kosa liko ndani ya uzio wako. Kwake pia makavu? Basi habari iko tangini, au kwenye pampu. Mpwa wangu, mtoto wa uwanda huohuo, alikuwa ameing'oa koki mara mbili na kuifunga nyingine mpya.

Maana paneli ile ni koki tu. VS Code yenyewe haijui jaribio ni nini. Kuna kiendelezi cha Python kilichokaa ndani yake, na hicho nacho hakitafuti chochote kwa macho yake. Kinaiamsha Python, Python inaamsha mtafutaji, ambaye ni pytest au unittest, naye ndiye anayepita folda kwa folda akiokota majaribio na kurudisha orodha. Popote njia hiyo inapokatika, kwako itaonekana hivyohivyo: paneli tupu. (Erich Gamma, aliyeandika JUnit pamoja na Kent Beck mwaka 1997, ndiye baadaye aliyeongoza timu ya Microsoft iliyoitoa VS Code mwaka 2015. Baba wa majaribio na baba wa kihariri ni mtu mmoja, na bado vitu hivi viwili vinapotezana.)

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumuuliza jirani. Fungua terminali, ingia kwenye folda ya mradi, uandike:

`python -m pytest --collect-only -q`

Amri hii haiendeshi jaribio hata moja. Inamwambia mtafutaji aorodheshe anachokiona, basi. Anayetumia unittest aandike `python -m unittest discover -v`, ingawa hiyo itayaendesha kabisa. Orodha ikitoka kamili kwenye terminali huku paneli imebaki tupu, msimbo wako ni mzima na tatizo ni la kihariri: kimeshika Python nyingine au kimefungua folda nyingine. Terminali nayo ikisema haioni kitu, achana na mipangilio ya kihariri, utapoteza siku. Mapungufu yako kwenye mradi.

Na usome inachosema. Najua maandishi yale mekundu ya Kiingereza yanatisha, watu huyafunga haraka kama mtu anayefunga barua ya deni. Lakini mara nyingi mistari miwili ya mwisho inatosha. `No module named pytest` maana yake Python uliyoiamsha haina pytest, hata kama unakumbuka kwa viapo kwamba uliisakinisha. Uliisakinisha kwenye Python nyingine. `no tests collected` maana yake mtafutaji amefika, amezunguka, hakuona chochote kinachofanana na jaribio. Pytest hutoka hapo na namba 5. Ukiona `error during collection`, ameliona faili lakini lilimlipukia mkononi alipolifungua, naye hutoka na namba 2. Ni magonjwa matatu yenye dawa tatu tofauti, na paneli huyaonyesha karibu kwa sura moja.

La mpwa wangu lilikuwa la kwanza, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndilo ninalokutana nalo zaidi kwa vijana wa kwetu, ambako mradi husafiri kwa flashi kuliko kwa intaneti. Folda ya mradi alikuwa ameinakili kutoka kwenye kompyuta ya chuo, nzima nzima, pamoja na `.venv` iliyokuwa ndani yake. Sasa `.venv` ni Python ya mradi huo peke yake na maktaba zake, lakini haihamishiki. Ndani yake kuna faili liitwalo `pyvenv.cfg`, na humo mstari unaoanza na `home` unataja mahali Python mama ilipokaa kwenye kompyuta ile ya zamani. Ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine, inaitafuta nyumba isiyokuwepo. Kwenye Windows utaiona ikilalamika `No Python at` ikifuatiwa na njia yenye jina la mtu mwingine kabisa. Jina la mtumiaji wa maabara ya chuo lilikuwa pale kwenye skrini, Mkunya, chini ya mkorosho. Kijana alikuwa amelipita mara kumi.

Kihariri kilikuwa kimeichagua `.venv` ile kwa sababu kiliikuta ndani ya folda, na hakikuwa na makosa. Dawa ni kuifuta yote na kujenga mpya kwa `python -m venv .venv`, kisha kusakinisha pytest humo humo: `.venv\Scripts\python -m pip install pytest`. Nimeandika njia nzima makusudi. Ukiita Python kwa njia yake kamili, huhitaji kuiwasha `.venv` kwanza, na hutagombana na PowerShell inayokataa kuendesha skripti. Wa Linux ataandika `.venv/bin/python`. Kisha kwenye kihariri bonyeza Ctrl, Shift na P, andika `Python: Select Interpreter`, uchague ile iliyo ndani ya `.venv` mpya. Ukitaka uhakika wa ni Python gani inayokujibu kwenye terminali, muulize mwenyewe:

`python -c "import sys; print(sys.executable)"`

Njia itakayochapishwa iwe sawa na ile uliyochagua kwenye kihariri. Zikitofautiana, umeshapata jibu lako na hujatumia hata kilobaiti moja.

Tatizo likawa bando. Kukisakinisha upya kihariri mara mbili ni megabaiti nyingi kila mara; pytest na vitegemezi vyake, kwa kulinganisha, havifiki megabaiti tano. Ndiyo maana nawashauri vijana wanaorudi vijijini likizo: kabla hujaondoka penye mtandao mzuri, andika `pip download pytest -d vifurushi`. Utapata folda iitwayo vifurushi, uiweke kwenye flashi. Ukifika nyumbani, `pip install --no-index --find-links vifurushi pytest` itasakinisha bila kugusa intaneti. Pakua kwenye kompyuta ya mfumo uleule, Windows kwa Windows, kwa sababu orodha ya vitegemezi hubadilika kidogo. Na kwa maktaba nzito kama numpy au pandas hata toleo la Python lazima lilingane. Mwenzako akikuomba mradi, mpe msimbo na faili la `requirements.txt` lenye orodha ya maktaba. Usimpe `.venv`.

Tulitumia simu yangu kama hotspoti, pytest ikaingia. Tukaamuru tena `--collect-only`. Safari hii hakukuwa na malalamiko ya moduli. Jibu likawa `no tests collected`.

Kijana akashika kichwa. Mimi nikafurahi, kwa sababu tumesogea hatua moja kwenye bomba: pampu inafanya kazi, maji yanakwama kwingine. Nikamwomba anionyeshe majina ya mafaili. Lilikuwepo `jaribio_makato.py`, na ndani yake kazi ziitwazo `jaribu_mzigo_mmoja`, `jaribu_mizigo_miwili`, na kadhalika. Msimbo safi, kwa Kiswahili kizuri. Ila mtafutaji hajui Kiswahili. Bila kuambiwa vingine, pytest hutazama mafaili yanayoanza na `test_` au kuishia na `_test.py`, na ndani yake kazi zinazoanza na `test`, na madarasa yanayoanza na `Test`. Faili lenye jina lingine halikataliwi. Linapitwa tu, kama gunia lililobaki shambani siku ya kupima. Karani hawezi kulitia dosari gunia ambalo halikufika kwenye mizani.

Wengi watamwambia abadilishe majina yawe ya Kiingereza. Mimi siungi mkono, angalau si kwa lazima. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili aandike kwa Kiswahili, na pytest inaruhusu. Weka faili la `pytest.ini` kwenye mzizi wa mradi, lianze na `[pytest]`, chini yake mistari hii:

`python_files = test_*.py jaribio_*.py`
`python_functions = test jaribu`

Usiache `test` nje, kwa sababu mpangilio wako unafuta ule wa asili; ukiandika `jaribio_*.py` peke yake, siku mwenzako akileta faili lenye jina la Kiingereza litapitwa nalo. Kwa unittest kuna nafuu nusu. Unaweza kubadilisha jina la faili kwa `-p "jaribio*.py"`, lakini majina ya kazi ndani ya darasa yabaki yakianza na `test`.

Tukiwa kwenye majina: Windows huficha viambishi vya mafaili, kwa hiyo faili lililoandikwa kwa Notepad linaweza kuwa `test_bei.py.txt` huku wewe unaliona kama `test_bei.py`. Washa uonyeshwe viambishi. Na usilipe faili lako jina la maktaba iliyomo ndani ya Python. Mtu anayesoma orodha za mauzo kwenye CSV hujaribiwa sana kuliita faili lake `csv.py`; kuanzia hapo kila anayeagiza `csv`, pytest yenyewe ikiwemo, anaweza kupewa la kwako, na kila kitu kikaanguka kabla hakijaanza.

Tulipoandika `pytest.ini` na kuamuru tena, tukapata ugonjwa wa tatu. `error during collection`, na chini yake maneno kwamba programu inajaribu kusoma kutoka kibodi. Chanzo nilikijua kabla sijafungua faili. Ili kuona majaribio yaliyomo, mtafutaji lazima aagize faili, na faili la majaribio linaagiza `malipo.py`, na Python ikiagiza faili huliendesha lote kutoka juu hadi chini. Mwishoni mwa `malipo.py` kijana alikuwa ameandika `input("Kilo ngapi? ")`, ikiwa wazi bila kufunikwa na chochote. Pytest huziba kibodi wakati wa kazi yake, kwa hiyo ikaanguka. Angekuwa anatumia unittest kwenye terminali, ingekaa pale inamsubiri amtajie kilo, naye angedhani imeganda. Swali lile lihamie chini ya `if __name__ == "__main__":`, ambapo litaulizwa tu programu inapoendeshwa yenyewe. Hivyo hivyo kwa kufungua faili la data, kuunganisha hifadhidata, au kupakua bei mtandaoni: chochote kinachofanyika wakati wa kuagiza kinaweza kukuibia majaribio yote ya faili hilo.

Kundi hilohilo lina pia `ModuleNotFoundError` ya faili lako mwenyewe. Majaribio yamo kwenye folda ya `tests`, `malipo.py` iko nje, na `pytest` haiioni ilhali `python -m pytest` inaiona. Tofauti ni kwamba ya pili huongeza folda uliyosimama kwenye njia za kutafutia moduli. Ili kuondoa ubishi huo, ongeza `pythonpath = .` kwenye `pytest.ini`, inafanya kazi kuanzia pytest 7. Ukiwa na mafaili mawili ya majaribio yenye jina moja kwenye folda tofauti, utaona `import file mismatch`: badilisha jina la moja, au weka `__init__.py` kwenye folda hizo. Wa unittest aiweke `__init__.py` kwa vyovyote, la sivyo folda za ndani hazitaingiwa.

Sasa upande wa kihariri, ambao ni mfupi. Hakikisha umefungua folda ya mradi yenyewe, si folda ya juu yake yenye miradi mitano; kihariri huanza kutafuta kutoka hapo ulipofungua, na `pytest.ini` yako inaweza isifikiwe. Ukilazimika kubaki juu, mpangilio wa `python.testing.cwd` unaelekeza pa kuanzia. Ukifungua folda iliyotoka kwa mtu na VS Code ikakuuliza kama unawaamini walioiandika, ukakataa, utabaki kwenye hali iitwayo `Restricted Mode`, ambamo majaribio hayaendeshwi. Chagua mtafutaji mmoja, `pytestEnabled` au `unittestEnabled`, usiwashe wote wawili. Halafu fungua dirisha la `Output`, chagua mstari wa Python kwenye orodha yake, na utakuta pameandikwa amri iliyoendeshwa na jibu lake. Ukirekebisha jambo, bonyeza kitufe cha kuonyesha upya. Paneli haigundui kila badiliko papo hapo. Na majaribio yasikae kwenye folda inayoanza na nukta, wala iitwayo `build`, `dist` au `venv`, kwa sababu pytest huzipita hizo kwa desturi yake.

Kuna hali moja inayonisumbua kuliko paneli tupu, nayo ni paneli iliyojaa nusu. Tupu unaiona. Nusu inaonyesha kijani, ukaenda kulala. Ukinakili kazi ya jaribio ukasahau kubadilisha jina, Python inaifuta ya kwanza bila kukuambia neno. Darasa la majaribio lenye `__init__` huachwa na pytest, na onyo lake hupotea katikati ya maandishi. Unittest ya zamani ilikuwa mbaya zaidi: iliandika `Ran 0 tests`, kisha chini yake `OK`, ikatoka kama iliyofaulu. Ni kuanzia Python 3.12 ndipo inapotoka na namba 5 isipokuta jaribio. Kwa hiyo jizoeze kuhesabu. Umeandika kumi na nne. Mtafutaji ameorodhesha ngapi? Wakulima hawamwachii karani hesabu ya magunia. Wanahesabu nyumbani, wakafika mizanini na namba yao.

Mpwa wangu alikuwa ameandika saba. Tulipohamisha `input` na kubonyeza onyesha upya, yote saba yakajitokeza kwenye paneli, nayo yalikuwa hayajawahi kuendeshwa tangu ayaandike. Akabonyeza kitufe cha kuyaendesha. Sita kijani, moja nyekundu: `jaribu_mizigo_miwili`.

Tukaifungua. Programu ilikuwa inakata makato kwa kila mzigo, ambayo ni sawa, kisha ikishajumlisha mizigo inakata tena kwenye jumla. Kwa mkulima mwenye mzigo mmoja sehemu hiyo haikuguswa. Makato aliyoyaweka kwenye programu yalikuwa shilingi 100 kwa kilo. Kijana akachukua simu, akajumlisha 412 na 180, akazidisha kwa mia.

Dada alikuwa akibangua korosho hatua chache kutoka tulipokaa. Hakuinua macho.

"Elfu hamsini na tisa na mia mbili," akasema. "Nilikwambia."